Reli Moja, Hatari Mbili

Wewe unayeanza kazi ya shamba mwaka huu, na wewe uliyeachiwa mikorosho na wazazi ukawa hujui uanzie wapi, hebu kaa kidogo nikusimulie. Swali lako nalijua kabla hujaliuliza, maana nimeulizwa na wengi: mtu anajuaje kwamba leo ni siku ya moto?

Nitakujibu, lakini usinikimbize.

Nilikuwa bwana shamba katika vijiji vya upande wa Nanyamba, kule ambako ardhi inaanza kuteremka kwenda mto Ruvuma. Nilianza miaka ya sitini, nikiwa kijana mwenye baiskeli mpya na kofia iliyonizidi kichwa, nikaendelea hadi katikati ya miaka ya sabini waliponihamishia ofisini. Sasa nimestaafu, nakaa hapa mjini, mtaa wa Rahaleo, sina hata mkorosho mmoja. Lakini kiangazi kikikomaa na upepo wa kusi ukaanza kugonga mabati mchana, mimi natoka nje kunusa. Mke wangu huniambia, "Baba Neema, rudi ndani. Hiyo ni jirani anakaanga samaki." Narudi. Baada ya muda natoka tena.

Basi tuanze na miguu. Siku za kiangazi amka mapema, vua viatu, tembea kwenye majani ya pembeni ya shamba. Miguu ikirudi imelowa umande, siku hiyo unayo nafasi ya kufanya makosa madogo. Ikirudi mikavu na vumbi juu yake, usiwashe kitu chochote nje, hata jiko la kuchemshia chai ya wapaliliaji. Halafu okota kijiti chini ya mti ukivunje. Kikijikunja kabla ya kukatika, afadhali. Kikilia kwa mlio mkavu, waambie watu wako wote, na usione haya kurudia.

La pili, usiuamini utulivu wa asubuhi. Watu wengi niliowaona wakiunguza mashamba hawakuwa wazembe. Walikuwa watu waangalifu walioamka alfajiri, wakaona hakuna upepo, wakachoma taka zao vizuri kabisa na kurudi nyumbani kunywa uji. Jua likapanda, upepo ukaja, ukakuta kisiki kinachofuka moshi mwembamba usioonekana. Kazi ikaishia hapo. Moto wa taka hauishi unapoacha kuuona. Unaisha unapoweza kuweka kiganja chako juu ya majivu na kukiacha hapo.

La tatu ni maji, na hapa nicheke kidogo. Mimi ni mtu wa Singida, na chuoni tulifundishwa kuzima moto kwa maji. Nikafika kule juu ambako akina mama waliteremka bondeni alfajiri wakarudi jua limewaka, kila mmoja na ndoo moja ya kunywa na kupikia. Nilipotamka neno maji katika mkutano wangu wa kwanza, bwana mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa sauti ya upole, "Bwana shamba, maji hayo utakuja nayo kwa baiskeli?"

Huyo alikuwa Saidi Chitanda. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, pamoja na kwamba kwa karatasi mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake. Aliwahi kuwa nyapara katika mashamba ya mkonge, na mkonge mkavu ukishika moto unajua mwenyewe kitakachofuata. Alinionyesha njia ya moto, ile ya kuuzuia usivuke, inavyotengenezwa: unakata nyasi na kukwangua ardhi hadi mchanga uonekane, ukanda mpana kuzunguka mikorosho yote, na taka zake unazipeleka mbali upande wa nje. Wengi huzilundika ukingoni, kisha wanashangaa moto ukivuka. Umevuka kwa sababu umewekewa daraja.

Alinionyesha pia namna ya kutumia tawi bichi. Mara ya kwanza nililiinua juu ya kichwa na kulishusha kwa nguvu zangu zote, cheche zikaruka kila upande.

"Bwana shamba," akasema, "unauzima au unaupepea?"

Tawi unaliweka juu ya moto, unakandamiza na kuburuta, kama unafunika kitu. Huinui. Jaribu leo kwenye vumbi tu, mkono ujifunze kabla ya kuogopa.

Kulikuwa na vijana wa kuwinda panya. Panya wa porini kule ni kitoweo, si jambo la kuchekwa, na njia rahisi ya kuwatoa mashimoni ni kuchoma majani. Kijana mmoja tulimkuta amesimama katikati ya eneo jeusi kubwa kuliko uwanja wa mpira, kamba ya panya begani, nyusi zimeungua. Nikamuuliza kwa nini amechoma pori.

"Sikuchoma pori, bwana shamba. Nimechoma panya. Pori limejitia lenyewe."

Saidi alicheka hadi akakaa chini. Lakini baada ya kucheka alimshika yule kijana mkono, wakazunguka pamoja kila ukingo wa lile eneo, kisiki kwa kisiki, mpaka jioni. Hakumpiga wala hakumpeleka kwa mtu. Na mimi nakuambia wewe utakayesimamia watu: ukimfokea aliyechoma, mara nyingine atachoma na kukimbia, na hutaambiwa.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka ulijue hasa.

Ulifika wakati watu wakahamishiwa vijiji vya pamoja. Sitasema hapa kama lilikuwa jambo zuri au baya, wa kulizungumza wapo. Nasema nililoliona mikoroshoni. Zamani kila familia ilikaa katikati ya miti yake, na mama akifagia uwanja alifagia na chini ya mikorosho. Baada ya kuhama, nyumba zikawa safu safu mahali pamoja, na miti ikabaki kule, kwa wengine mwendo mrefu. Nyasi zikapanda. Majani ya mikorosho yakaanguka juu ya majani ya mwaka uliopita. Njia za moto tulizozikwangua kwa jasho zikafumba. Mimi na Saidi tulikuwa tukipita kule kiangazi, kila mmoja akisikia nyayo za mwenzake zikilia kama mtu anakunja karatasi.

Na ng'ambo ya mto kulikuwa na vita. Wewe umevisoma. Sisi tulivisikia. Siku nyingine ndege ilipita juu, na hakuna aliyejua inakwenda wapi na itaangusha nini. Kwa hiyo kijiji kilichimba mahandaki. Kubwa kuliko yote, la kina mama na watoto, lilichimbwa upande wa kusini ndani ya mikorosho ya zamani, ili matawi yalifiche. Juu yake paliwekwa miti, na juu ya miti matawi makavu na majani, tena kwa ustadi, hata ukipita karibu hulioni.

Pale ofisi ya kijiji kulitundikwa kipande cha reli, mabaki ya ile njia ya treni iliyong'olewa. Reli ikigongwa, kina mama wabebe watoto wakimbilie handakini. Walifanya mazoezi, na walifanya vizuri. Aliyewaongoza alikuwa Bi Somoe, shemeji yake Saidi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika shamba la tatu. Aliwahesabu watoto kwa kuwagusa kichwa mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kutoka handakini kabla hajasema yeye.

Lakini reli ile ile ndiyo iliyogongwa pia kukiwa na moto, ili wanaume watoke na matawi. Unaona? Wakati watu walikaa mbali mbali, moto ulitangazwa kwa kelele tu, jirani kwa jirani. Tulipokusanyika, kila mtu alifurahi kwamba sasa tuna chuma cha kutuita wote. Hakuna aliyekaa akawaza kwamba chuma kimoja kinawaita watu pande mbili. Nami nilihudhuria vikao vyote.

Siku yenyewe miguu yangu ilirudi mikavu. Nilimwambia Saidi, naye akasema na yake hivyo hivyo. Tukachukua watu tukaenda kukwangua upya njia ya moto kati ya kijiji na yale mashamba ya kusini, maana ndiyo iliyokuwa kinga pekee ya nyumba, na nyumba zote zilikuwa za nyasi. Tulikuwa tumekaribia kumaliza upepo ulipopanda. Ulikuja wa moto, kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Saidi akaacha jembe, akageuza uso.

"Nani anapika huko bondeni?" akauliza, na sote tulijua hakuna anayepika.

Moshi ulitokea upande wa mto, mweupe kwanza, halafu ukapata weusi kwa chini. Huko chini kuna mianzi mingi. Mwanzi ukiungua, hewa iliyo ndani ya pingili huipasua, na mlio wake ni mlio wa bunduki. Pa. Papa. Pa. Mtu ofisini akaona moshi, akafanya kilicho sawa kabisa, akagonga reli.

Weka vitu hivyo pamoja kama alivyoviweka Bi Somoe uani kwake: reli inalia, moshi unatoka upande wa mto, na risasi zinasikika. Ungefanya nini? Hata mimi ningembeba mtoto na kukimbia.

Tuliwaona wakivuka njia yetu ya moto kwa mbio, kanga zinapepea, watoto mgongoni na mkononi, wanaelekea kusini. Wanaelekea motoni. Tukapiga kelele, upepo ukaila sauti yetu. Wakazama ndani ya nyasi.

Saidi akawaambia waliokuwa nasi wabaki pale njiani na matawi, asiondoke hata mmoja. Mimi na yeye tukakimbia. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ndani ya zile nyasi, kwa sababu nilikuwa sioni kitu ila rangi ya anga ikibadilika kuwa ya chai.

Handakini walikuwa wamekaa kimya, magoti kwa magoti, kama walivyofundishwa. Bi Somoe alikuwa mlangoni.

"Ingieni haraka, mnatuonyesha!" akasema.

"Shemeji, toka. Ni moto."

"Najua ni moto. Bomu linaleta nini, mvua?"

"Si bomu. Ni mianzi inapasuka."

"Ulikwenda kuitazama?"

"Somoe, moto unakuja hapa hapa!"

"Moto hautafuti watu, Saidi. Ndege inatafuta. Mwaka jana ulisema wewe mwenyewe, tusitoke mpaka iishe. Ingia au nenda!"

Nikajaribu mimi. Nikaanza kueleza habari ya upepo na majani, kama nilivyozoea kueleza, na nikaona katika macho ya wale kina mama kwamba hakuna neno linaloingia. Waliogopa kitu kingine, na mtu anayeogopa kitu kimoja hana nafasi ya cha pili. Mtoto mmoja akaanza kukohoa. Mama yake akamziba mdomo.

Saidi alipanda juu ya handaki. Akaanza kulibomoa. Alishika matawi makavu akayavuta na kuyatupa, majani yakaporomoka juu ya vichwa vya watu, jua likaingia ndani. Wakapiga mayowe.

"Nnungu wangu! Ameingiwa na wazimu!" Bi Somoe alilia kwa Kimakonde na Kiswahili pamoja. "Ndege itatuona!"

"Imeshawaona!" Saidi akajibu huku anavuta. "Hapa pamekuwa uwanja! Hakuna pa kujificha tena, basi tokeni mniue huku nje!"

Na wakatoka. Nadhani wengine walitoka kumpiga kweli. Lakini waliposimama juu ya ardhi waliona juu ya mikorosho ya kusini ulimi mwekundu unapanda na kushuka, na joto likawagusa usoni. Hapo hapakuwa na haja ya maelezo.

Kurudi tulikotoka haikuwezekana. Upande mmoja wa moto ulikuwa umetangulia, na zile nyasi ndefu zilikuwa kati yetu na kijiji. Mtu mzima peke yake pengine angewahi. Watoto wale, hapana.

Karibu na handaki kulikuwa na uwanja mdogo wa zamani wa kuanikia korosho, umefunikwa na majani, hautoshi watu wote. Ng'ambo yake, kuelekea kijijini, nyasi. Nilijua la kufanya na sikutaka kulifanya. Ukiwasha zile nyasi za mbele, upepo utaupeleka moto wako mbali nawe, na nyuma yake utabaki weusi usio na cha kuungua tena. Hapo ndipo watu wanasimama. Lakini ule moto wako unakwenda kijijini. Kati yake na nyumba kuna njia ya moto tuliyokuwa hatujaimaliza, na watu wachache wenye matawi. Na nyumba ya kwanza nyuma ya ile njia ilikuwa ya Saidi.

Nilitoa kiberiti. Nikatoa kijiti kimoja, nikatazama upande wa kijiji.

"Washa," akasema.

"Saidi, nyumba yako iko mbele."

"Naijua iliko, niliijenga mimi. Washa!"

Nikawasha. Bi Somoe alipoona bwana shamba anatia moto mbele yao huku mwingine unakuja nyuma, alinipiga kofi la mgongo ambalo nalikumbuka. Nyasi zilishika kwa mlio mmoja zikaondoka mbio. Tukakanyaga ukingo wa upande wetu kwa miguu na matawi usiturudie. Mara moto wangu ulipopita, Saidi akaingia kwenye majivu ya moto, akageuka, akanyoosha mikono apewe mtoto wa kwanza.

"Hapa kumekwisha kuungua," akawaambia, sasa kwa sauti ya kawaida kabisa. "Palipoungua hapaungui tena. Njooni."

Waliingia. Wenye viatu waliwabeba wasio na viatu. Tuliwalaza watoto chini, nyuso karibu na ardhi, kanga juu yao, maana hewa ya kupumua iko chini. Mimi nililala juu ya watoto wawili nisiowajua. Bi Somoe alikuwa akigusa vichwa na kuhesabu kwa sauti, akirudia tangu mwanzo, huku moshi unamkaba. Kisha moto mkubwa ukafika. Sitakuficha: ulikuwa unalia. Mikorosho juu ya handaki ilishika yote pamoja, na pale tulipowatoa watu pakawa tanuri. Ulifika ukingo wa weusi wetu, ukatafuta, ukakosa. Ukagawanyika, ukapita kulia na kushoto.

Bi Somoe alipomaliza kuhesabu mara ya mwisho, alikaa chini, akafunika uso. Walikuwa wametimia.

Kule kwenye njia ya moto watu wetu walipigana vizuri. Pale tulipokwangua moto ulisimama. Pale tusipokwangua cheche iliruka, ikaangukia paa la Saidi. Iliungua nyumba yake na ghala, na hakuna nyingine. Tuliporudi na watoto weusi kama wachoma mkaa, Saidi alikwenda moja kwa moja kwenye majivu yake. Bi Somoe akaja akasimama karibu naye.

"Shemeji," akasema, "umenivunjia handaki langu."

"Nimeona."

"Utalala kwetu. Lakini kuhusu handaki hatujamalizana."

Hawakumalizana kweli. Siku iliyofuata alikuja ofisini na kina mama nyuma yake, akasema reli ibaki kwa ajili ya ndege, na moto utafutiwe sauti nyingine. Likachaguliwa debe. Akasema pia handaki jipya lichimbwe mahali peupe lifunikwe kwa udongo, na lisiguswe na jani. Mimi niliongeza moja tu, nalo ndilo nililobaki nalo hadi leo. Nilisema kila mtoto na ajue, kabla ya hatari, ni wapi atakimbilia moto ukija, kwa sababu siku yenyewe hakuna anayesikiliza maelezo. Hata mimi niliyelipwa mshahara wa kueleza sikusikilizwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho, kabla upepo haujapanda, tafuta mahali peupe karibu na nyumba yenu au shamba lenu, pasipo na mti juu yake. Pakwangue hadi mchanga uonekane, papanuke vya kutosha watu wote kulala chini bila kubanana, na taka zake uzitupe mbali. Kisha waite wa nyumbani wote, hata bibi asiyependa kutoka, mtembee pamoja hadi pale, mchana kweupe, mlale chini kidogo, halafu mrudi.